Ujumbe wa kuwakinga mashoga na wapenzi wa jinsia zote mbili dhidi ya pombe na dawa za kulevya: tuandike nini ili watu wausome?

Nanga

Wapendwa, habari zenu. Naomba mawazo, na naomba msinijibu kwa mkato.

Kikundi chetu cha waelimishaji rika kimenipa kazi ya kuandika ujumbe wa kuzuia ulevi na dawa za kulevya. Walengwa ni vijana wenzetu, mashoga na wapenzi wa jinsia zote mbili. Wengi wao bado hawajazama. Wanakunywa mwisho wa wiki, wanavuta, na baadhi wameanza kuonja vidonge na kristali (methamphetamine) kwenye tafrija za faragha. Natakiwa kuandaa bango moja, mazungumzo ya dakika kumi na jumbe fupi za simu.

Mwenyekiti wetu ni mtu mzima ninayemheshimu sana. Yeye anataka bango lenye fuvu la kichwa na maneno "Pombe na dawa za kulevya zinaua. Acha leo." Nikawaonyesha rafiki zangu rasimu hiyo kwenye simu. Mmoja aliitazama akaniuliza, "Hii wameandika polisi?" Mwingine hakusema kitu, alinirudishia simu tu. Na hao ndio hasa ninaotaka wasikie.

Maswali yangu: je, kutisha watu kunafanya kazi? Tuseme wazi kwamba ujumbe ni wa watu kama sisi, au tuuandike kama wa watu wote? Na nani auseme: daktari, kiongozi, au mmoja wetu? Nimemzika rafiki kwa sababu ya mambo haya, kwa hiyo sitaki kujaza ukuta ili tuonekane tumefanya kazi.

Kisiki

Mimi niko upande wa mwenyekiti wako. Nilivuta sigara tangu ujana. Kilichonitoa ni daktari aliyeweka picha ya mapafu yangu kwenye mwanga na kunionyesha kwa ncha ya kalamu mahali palipoharibika. Nilitetemeka. Akaniandikia dawa ya kubandika na tarehe ya kurudi, nami nikarudi. Hofu ilinisaidia. Siku hizi vijana wanabembelezwa mno. Kinachoua kisemwe kwamba kinaua.

Zumari

Nanga, pole sana kwa rafiki yako. Nitaandika kirefu kwa sababu hii ndiyo kazi yangu. Mimi ni mshauri wa watu wanaotoka kwenye uraibu, na mimi mwenyewe ni shoga niliyeacha pombe. Nilikalia kiti cha anayeshauriwa kabla ya kukalia cha mshauri.

Kabla hujaandika neno hata moja, jibu hili: kilevi kinamfanyia nini huyo unayemwandikia? Kinavyomdhuru anajua mwenyewe. Nauliza kinampa nini. Wanaokuja kwangu nikiwauliza hivyo hushangaa kwanza, maana hakuna aliyewahi kuwauliza. Kisha yanatoka. Mmoja aliniambia kwamba asipokunywa hawezi kumshika mwanaume mkono bila kusikia sauti ya baba yake kichwani. Mwingine alisema kristali ndiyo iliyompa usiku wake wa kwanza wa kutojichukia. Wa tatu hakuwa na jeraha lolote kubwa. Marafiki zake wote walikuwa baa, basi na yeye akawa wa baa. Ujumbe wa hawa hauwezi kuwa mmoja, ila fuvu halimgusi yeyote kati yao.

Na baa yenyewe haikuingia maishani mwetu kwa bahati tu. Kwa miongo mingi, katika nchi nyingi, baa ilikuwa karibu mahali pekee ambapo watu kama sisi waliweza kukutana, tena kwa kificho. Stonewall ya New York, ambako polisi walivamia Juni 1969 na watu wakakataa kutawanyika, ilikuwa baa. Wauzaji wa vilevi waliliona hilo mapema kuliko wauguzi na washauri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vodka ya Absolut ilikuwa ikitangazwa kwenye magazeti ya mashoga ya Marekani, wakati kampuni nyingi hazikutaka jina lao lionekane karibu na letu. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya sigara ya R.J. Reynolds ilikuwa na mpango wa ndani wa kuwauzia sigara mashoga na watu wasio na makazi wa San Francisco. Nyaraka zake zilipotoka hadharani, ilionekana kwamba mpango huo waliupa jina la Project SCUM, jina ambalo kwa Kiingereza ni tusi. Yaani ofisini walitutukana, kwenye tangazo wakatukaribisha kwa tabasamu.

Nakuomba ulipime hilo kwa uzito wake. Anayeuza amekuwa akituambia "karibu, hapa ni kwenu" kwa zaidi ya miaka 40. Sisi tunaokinga tunakuja na fuvu. Kijana aliyefukuzwa kwao atamsikiliza nani?

Takwimu zipo na utazihitaji. Mwaka 2008 Michael Marshal na wenzake walikusanya tafiti nyingi zilizowahi kufanywa juu ya vijana. Wakakuta kwamba, kwa wastani, uwezekano wa kutumia vilevi kwa vijana mashoga, wasagaji na wapenzi wa jinsia zote mbili ulikuwa juu kwa asilimia 190 kuliko kwa vijana wengine. Kwa wapenzi wa jinsia zote mbili peke yao ulikuwa juu kwa asilimia 340. Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake walionyesha kwamba vijana waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano wa mara 3.4 wa kutumia dawa za kulevya, wakilinganishwa na wale ambao familia hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu. Sababu mtafiti Ilan Meyer alishaieleza mwaka 2003: ni msongo wa kuishi ukiwa miongoni mwa wachache wanaonyanyapaliwa. Unatazamia dharau kila unapoingia mahali, unaficha, unachunga maneno, na mwishowe unaanza kuyaamini mabaya wanayokusema. Mtu haumizwi na kupenda kwake. Anaumizwa na huo mzigo alioachiwa aubebe peke yake.

Sasa, hizo takwimu mpe mwenyekiti, mpe mfadhili. Bangoni usiziweke. Marekani ilitenga karibu dola bilioni moja kati ya 1998 na 2004 kwa kampeni ya kitaifa ya matangazo ya kuwazuia vijana wasitumie dawa za kulevya. Tathmini ya Robert Hornik na wenzake, iliyochapishwa 2008, haikuona kwamba kampeni ilipunguza uvutaji wa bangi. Palikuwa hata na dalili za kinyume kwa baadhi ya waliotazama matangazo zaidi. Mojawapo ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba ukimwambia mtu kila siku asivute, anaanza kuamini kuwa wenzake wote wanavuta. Ukiandika ukutani "mashoga tunatumia vilevi kuliko wengine", kijana anayejifunza namna ya kuwa mmoja wetu atakusoma hivi: kumbe ndivyo tulivyo.

Kisiki, kaka yangu, nayaamini uliyosema juu ya mapafu yako. Ila yasome tena. Hukuonyeshwa mapafu ya mtu usiyemjua. Ulionyeshwa yako, na mtu aliyekaa mbele yako, na kabla hujatoka mlangoni ulikuwa na dawa mkononi na tarehe ya kurudi. Mtafiti wa mawasiliano Kim Witte aliandika juu ya hilo mwaka 1992. Hofu humsukuma mtu kuikabili hatari pale tu anapoamini kwamba kuna kitu cha kufanya na kwamba yeye anaweza kukifanya. Akikosa imani hiyo, anaacha hatari ilivyo na kushughulika na hofu yenyewe: anageuza uso, anacheka, anasema "wanatia chumvi". Rafiki yake Nanga aliyerudisha simu bila neno alikuwa anafanya hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi ya watu wengine. Mwanasaikolojia Jack Brehm alieleza mwaka 1966 kwamba mtu akihisi uhuru wake unaminywa, hung'ang'ania kile kile alichokatazwa. Hiyo ni kwa binadamu wote. Sasa mfikirie mtu aliyeambiwa "acha" tangu utotoni: acha kutembea hivyo, acha kuongea hivyo, acha kuwapenda hao. Neno "Acha leo" haliingii kwake kama ushauri wa afya. Linaingia na sauti zote za zamani, na aibu ile ile anayoikimbilia kwenye glasi. Nimewaona watu wakitoka kwenye mikutano ya kutishwa wakaenda moja kwa moja kunywa, na siwalaumu hata kidogo.

Kuhusu nani aseme, ninalo jibu ninalolisimamia bila kusita. Mwaka 1991 Jeffrey Kelly na wenzake walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya katika mji wa Biloxi, Mississippi, juu ya VVU. Waliwaomba wahudumu wa baa za mashoga wawatajie watu wanaopendwa na kusikilizwa zaidi mle ndani. Wakawafundisha hao namna ya kuzungumza na rafiki zao juu ya kujikinga. Hapakuwa na jukwaa wala kipaza sauti, ni mazungumzo ya kawaida ya mtu na mtu. Tabia hatarishi zikapungua kwa kiasi cha robo hivi. Ile ilikuwa kazi ya VVU na hii yako ni ya vilevi, ila njia ni moja: mtafute anayesikilizwa tayari. Usimpe cheo, mpe maneno na mazoezi. Daktari awepo, awe wa pili, wa kujibu maswali ya dawa na mwili.

Swali lako la pili, kama mseme wazi au la, nawaachia wenye uzoefu wa kujificha kuliko mimi. Mimi nimejulikana kwa wote muda mrefu.

Dada Rehani

Basi nalichukua hilo mimi.

Mimi ni mwanamke, nimeolewa, na ninavutiwa na wanaume na wanawake pia. Nayasema hapa kwa kuwa hapa hamnijui. Zumari, nashukuru umetaja asilimia 340, maana kwa kawaida tunatajwa kwenye kichwa cha habari halafu maelezo yote ni ya mashoga wanaume wa baa. Mimi sikuwa baa. Nilikuwa nakunywa jikoni kwangu, watoto wakishalala, taa imezimwa. Kwa kina dada wanaopenda wanawake niliambiwa "amua uko wapi". Nyumbani sikuweza kusema lolote. Bango likiwa kwenye ukuta wa kikundi chenu, mimi singelifika kuliona.

Kwa hiyo, Nanga, ukiandika "mashoga na wapenzi wa jinsia zote mbili", jiulize huyo wa pili yuko wapi kimwili. Mara nyingi yuko kwenye ndoa, au kwenye uchumba unaoonekana wa kawaida. Hana baa ya kwake. Anapita sehemu mbili na kote anaficha nusu.

Simu ni hatari kuliko mnavyodhani. Ujumbe ukiingia, mistari ya mwanzo inasomeka juu ya kioo kabla hata simu haijafunguliwa. Mume wangu aliwahi kusoma mmoja kwa sauti, akidhani ni tangazo. Nilipoteza usingizi kwa wiki nzima. Tangu hapo nasema hivi: mwanzo wa ujumbe usitaje chochote, si jinsia, si kilevi, si kikundi. Mwache mtu achague mwenyewe jina gani litokee kama mtumaji, na saa ngapi apokee. Karatasi ya kugawa nayo iwe ndogo ya kufichika kiganjani, upande wa nje usiwe na upinde wa mvua wala neno linaloweza kumwingiza matatani ikikutwa mfukoni. Ndani semeni wazi. Ndani nataka nijione, nisomewe hali yangu, nisibahatishwe. Ujumbe wa watu wote nimeusoma maisha yangu yote na haujawahi kuwa wangu.

Kilichonivuta mimi kilikuwa sauti iliyorekodiwa na rafiki: "Ukiwa macho usiku, nipigie. Sitakuuliza kwa nini." Nilichukua muda mrefu, ila nilipiga.

Kisiki

Nimeyasoma yote na sehemu kubwa nakubali. Lakini msiniambie kuwa ukali haujawahi kusaidia watu wenu. Januari 2004, Peter Staley, mwanaharakati wa UKIMWI, alitoa pesa zake mwenyewe akabandika matangazo kwenye vibanda vya simu vya mtaa wa Chelsea, New York: nunua kristali, upate VVU bure. Hapo hakuna kubembeleza. Na watu waliamka, wakaanza kubishana hadharani juu ya kitu ambacho kila mtu alikuwa anakinyamazia.

Zumari

Kisiki, mfano mzuri, nami nauheshimu ule ujasiri. Angalia tu nani aliyesema. Staley alikuwa shoga wa mle mle, anaishi na VVU, na alikuwa ametoka kwenye kristali mwenyewe. Waliosoma walijua ni mmoja wao anayepiga kelele kwa sababu anawapenda. Maneno yale yale yangetoka wizarani yangekuwa tusi. Hata hivyo wapo waliosononeka, hasa wanaoishi na VVU, kwa kuona maisha yao yamefanywa kuwa adhabu. Ukali wa namna hiyo hufungua mjadala kwa jamii iliyonyamaza. Nanga anawaandikia vijana ambao ndio kwanza wanaonja, na hao nisingewaanzia hapo.

Dada Rehani, asante. Hilo la mistari ya juu ya kioo nitalipeleka kazini kwangu.

Nanga

Nimesoma yote mara mbili, na nimebadilisha. Tafadhali nikosoeni bila huruma.

Bango: "Usiku si lazima uanze na glasi. Jumamosi tunakutana bila kilevi. Njoo na rafiki."

Ujumbe wa simu: "Habari. Wikiendi imefika. Ukijisikia kulemewa, sisi tupo."

Mazungumzo: nilifikiria nianze kwa kueleza madhara ya kila kilevi, kimoja baada ya kingine, halafu niulize kama kuna maswali.

Na hili linaninyima amani: wale wa tafrija za faragha. Kuna wanaochanganya vitu bila kujua. Nikiwaambia kipi wasichanganye na kipi, si nitakuwa kama nawaruhusu?

Zumari

Bango limekaa vizuri. Linakaribisha, halikemei. Ila hakikisha hiyo Jumamosi ipo kweli, ina watu, ina muziki, na mgeni akiingia kuna wa kumpokea. Mtu akija mara moja akakuta viti vitupu na mhubiri mmoja, hatarudi, na atawaambia wengine. Ukitaka kuongeza mstari wa kuonyesha wenzake wanafanya nini, andika tu ambacho ni kweli. Wesley Perkins na Alan Berkowitz waliona mwaka 1986 kwamba wanafunzi wa chuo walidhani wenzao wanapenda ulevi kuliko ilivyokuwa kweli, na dhana kama hiyo inaweza kumvuta mtu anywe zaidi. Fanya kura ya siri hapo kikundini: "Je, ungependa kukutana mahali pasipo na pombe?" Ikiwa wengi watasema ndiyo, andika hivyo kwa maneno yao. Mtu atashangaa kwamba hayuko peke yake.

Ujumbe wa simu haujafika. "Sisi" ni nani? "Tupo" kufanya nini? Mtu aliyebanwa kwenye sebule ya watu saa tano usiku anahitaji kitu cha kushika. Jaribu hivi: "Habari za jioni. Ni mimi, Nanga. Niko macho hadi saa saba usiku. Ukitaka kutoka ulipo, niandikie 'njoo' nami nitakupigia, upate sababu ya kuondoka." Hakuna neno la kukufichua hapo, na kuna njia ya kutokea. Utume Ijumaa jioni, watu wakiwa bado wanavaa. Ujumbe wa Jumatatu asubuhi humkuta mtu ana maumivu ya kichwa na majuto, na majuto anayo ya kutosha.

Mazungumzo nakuomba uyageuze kabisa. Usianze na madhara. Mwanasaikolojia William Miller alianza mwaka 1983 kuandika juu ya namna ya kuzungumza na watu wenye shida ya pombe kwa kuwauliza na kuwasikiliza, na njia hiyo ndiyo ninayoishi nayo kila siku. Sababu ya kubadilika ikitoka kinywani mwa mtu mwenyewe inamshika. Ikitoka kinywani mwako anaanza kuipinga, hata kama alikuwa anaiwaza yeye. Kwa hiyo uliza: "Unapenda nini kwenye kunywa?" Usikilize jibu lote, usikunje uso. Halafu: "Na ni nini usichokipenda?" Nyamaza tena. Dakika kumi zinatosha kwa maswali hayo na jambo moja la ziada, nalo ni mazoezi ya kukataa. Mwanasaikolojia William McGuire alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba mtu aliyekwisha kuonjeshwa hoja ya upande wa pili na kuijibu, haangushwi nayo kirahisi baadaye. Mwombe mmoja aseme, "Kunywa kidogo tu, unatuharibia usiku." Mwombe mwingine ajibu. Mara ya kwanza watacheka. Mara ya tatu utasikia jibu lililo lake kweli. Kijana mmoja wa kwangu alitoa hili: "Nimekuja kwa ajili yenu, sikuja kwa ajili ya chupa." Analitumia mpaka leo.

Sasa hao wa faragha. Waambie. Mtu hasubiri ruhusa yako ili atumie, ameshatumia. GHB, kile kilevi cha majimaji, na pombe vyote viwili hupunguza kasi ya kupumua, na vikikutana mtu anaweza kulala asiamke. Wengi hudhani amechoka tu na kumwacha. Aliyezimika na haamki ukimwita na kumtikisa, mlaze ubavu, ita gari la wagonjwa, usiondoke pembeni yake. Popa, ile kemikali ya kuvuta puani, ikichanganywa na vidonge vya kusimamisha uume huporomosha shinikizo la damu. Wanaotumia dawa za kufubaza VVU zenye ritonavir au cobicistat wajue kwamba dawa hizo zinaweza kufanya baadhi ya vilevi viwe vikali mwilini kuliko walivyozoea. Hilo mlete mfamasia au daktari anayewaheshimu alieleze vizuri. Mtu akiona umemwambia kitu cha kumwokoa bila kumdharau, siku akichoka atakutafuta wewe. Hivyo ndivyo wengi walivyofika kwangu. Walikuja kwanza kuuliza juu ya kuchanganya, na miezi baadaye wakaja kuuliza juu ya kuacha.

Kabla hujachapa chochote, wape wachache wa walengwa wakisome. Usiwaulize kama wamekipenda, maana watakujibu kwa adabu. Waulize: huyu anayesema unamwona ni nani? Anakudhania wewe ni mtu wa namna gani? Ukimaliza kusoma utafanya nini? Jibu la swali la pili ndilo litakalokuambia kama kuna aibu imejificha kwenye maneno yako. Akisema "ananiona mgonjwa" au "ananiona mjinga", rudi ukaandike upya.

Nanga

Nitawauliza hayo matatu kama yalivyo. Nimemtumia mwenyekiti uzi huu, amenipigia, tumezungumza vizuri. Amekubali rasimu mpya na amejitolea kusimamia ule mkutano wa Jumamosi. Ameomba jambo moja tu: nembo ya kikundi iwe kubwa juu ya karatasi za kugawa, ili wafadhili waione.

Dada Rehani

Nembo muiweke kubwa kwenye ripoti ya wafadhili. Kwenye karatasi nitakayoingia nayo nyumbani isiwepo kabisa nje. Ndani, chini, ndogo, karibu na namba ya kupiga. Na hiyo namba ipokelewe pia na mwanamke, angalau usiku mmoja kwa wiki, na mtutajie ni usiku upi.